Unatresi Ramani Bariadi? Chagua Hivi Sanduku la Mwanga

Pamba ikishauzwa, Simiyu hujenga na wachoraji wa ramani hukesha. Mteja anataka choo kihamie ndani, sebule ipanuke, mengine yabaki yalivyo. Ukiwa na sanduku la mwanga, unalaza karatasi mpya juu ya ile ya zamani, unatresi kisichobadilika na kuchora upya kilichobaki.

1. Ukubwa kwanza. Kiwanja cha mita 20 kwa 30, kwa kipimo cha 1:100, ni sentimita 20 kwa 30 kwenye karatasi. A4 ina urefu wa sentimita 29.7. Umeona? Imepungua milimita 3, na bado hujaweka mshale wa kaskazini wala jina la mteja. Chukua A3. A2 ni tamu zaidi, ila kuipakia kwenye bodaboda mpaka Lagangabilili ni shughuli nyingine.

2. Tafuta la LED linalotumia waya wa USB. Umeme ukikatika, unachomeka kwenye pawabenki na kazi inaendelea. Waya uwe wa kuchomoka. Ule uliogandishwa ukikatika ndani, umebaki na sahani.

3. Nenda dukani na karatasi zako. Chora mistari kwenye kona nne za karatasi ya gramu 80, funika na nyingine, washa. Kona ikififia, rudisha. Kisha punguza mwanga na uuelekezee kamera ya simu: ukiona michirizi inatembea, taa inapepesa, na macho yako ndiyo yatakayolipa. Unaagiza Mwanza kwa basi? Omba video ya jaribio hilo kabla ya kutuma hela.

4. Plastiki au kioo? Plastiki ni nyepesi, lakini ncha ya bikari na wembe huiachia makovu. Mimi napendelea kioo. Fundi wa aluminiamu anaweza kukutengenezea fremu, kioo cha ukungu cha milimita 5 na ukanda wa LED ndani. Mwambie apake rangi nyeupe kwa ndani na aache kina cha kama sentimita 10, la sivyo utaona vitone vya taa badala ya mwanga uliotandaa. Ubavu mmoja uwe umenyooka kabisa, maana rula ya T itateleza hapo.

5. Unatresi mara moja moja tu? Bandika karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana. Jua la Bariadi halina bili.