Kutuma Si Kufikisha: Somo la Socket.IO kwa Wenye Darsa la Mtandaoni



Ndugu zangu katika imani, wakati wa likizo halaqa yetu ya tajwid huhamia kwenye intaneti, kwani wenzetu hutawanyika, huyu Jinja, yule Arua. Ndugu wanaosoma kompyuta walitutengenezea programu ndogo: mwanafunzi anasoma, ustadhi anasikiliza, na ili asimkatize, anaandika sahihisho ambalo hutokea papo hapo kwenye simu ya msomaji.

Likizo iliyopita ndugu mmoja alisoma Al-Faatiha, akaitia dhumma herufi ya mwisho ya neno "an'amta". Ustadhi akaandika sahihisho. Wakati huo huo mtandao wa ndugu yule ukakatika kwa muda mfupi, na zamu ikaenda kwa mwingine. Ustadhi aliona kwake kuwa ujumbe umekwenda. Ndugu yule hakuona kitu. Aliswali na kosa lile wiki nzima. Na si kosa dogo: "uliowaneemesha" inageuka kuwa "niliowaneemesha", na wanazuoni, akiwemo Imam An-Nawawi, wamelitaja katika makosa yanayoharibu maana.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si kompyuta. Lakini nilikaa na wenzangu nikauliza: sahihisho lilipotelea wapi?

Njia inayobaki wazi

Katika tovuti ya kawaida simu huuliza, seva hujibu, mazungumzo yakaisha. Seva haiwezi kuanza kusema. WebSocket, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2011, hufungua njia moja inayobaki wazi, na kila upande husema unapotaka. Socket.IO, maktaba ya programu iliyoanzishwa na Guillermo Rauch mwaka 2010, hurahisisha kazi hiyo. Kwa kawaida huanza na maombi ya HTTP, kisha huhamia WebSocket ikiwezekana. Huwagawa watu katika vyumba, kwa hiyo halaqa ya akina dada na ya akina kaka hazichanganyiki. Njia ikikatika, hujaribu kuiunganisha tena yenyewe.

Kosa lilipo

Wengi hudhani kwamba ikiwa njia hujirudisha, basi na ujumbe hujirudisha. Sivyo. Bila kuongeza kitu, Socket.IO hulinda mpangilio wa ujumbe, lakini huahidi kuufikisha mara moja au isiufikishe kabisa. Simu iliyokatika huhifadhi inachotaka kutuma mpaka irudi hewani. Seva haimhifadhii aliyetoka.

Tena seva haijui mara moja kuwa mtu ametoka. Katika toleo la 4, kwa mpangilio wake wa kawaida, hupiga hodi kila baada ya sekunde 25 na kungoja jibu sekunde 20. Katikati ya hapo inaweza kuwa inazungumza na asiyekuwepo.

Tiba yake

1. Seva iombe jibu la "nimepokea" kwa kila sahihisho, na iweke muda wa kungoja. Jibu lisipokuja, ustadhi aoneshwe kuwa halijafika.
2. Kila sahihisho lipewe namba na lihifadhiwe kwenye hifadhidata kabla ya kutumwa.
3. Simu ikumbuke namba ya mwisho iliyopokea. Ikirudi hewani iitaje, na seva iitumie yaliyofuata.
4. Namba ikija mara mbili, simu ipuuze ya pili. Anayetuma tena kwa kuhofia kupotea lazima ajilinde na kurudia.

Tunachojifunza

Tunajua kutoka katika hadithi sahihi kwamba Jibril (a.s.) alikuwa akipitia Qur'an pamoja na Mtume (s.a.w.) kila mwaka, na katika mwaka wa kufa kwake wakaipitia mara mbili. Wanazuoni wa hadithi nao waliijua njia ya 'ardh: mwanafunzi humsomea sheikh kile alichokipokea, na sheikh husikiliza. Hawakutosheka na kusema, "Nimeshampa."

Lakini tusijidanganye. "Nimepokea" ya simu ni ushahidi wa simu tu. Haioneshi kuwa ndugu amesoma sahihisho, wala kuwa ulimi wake umenyooka. Kwa hiyo tumeongeza sharti moja ambalo halimo katika programu: kila aliyesahihishwa huanza kikao kinachofuata kwa kuisoma tena aya ile mbele ya ustadhi. Ndugu yule alipofanya hivyo, ndipo kosa lilipojulikana.

Enyi mnaosoma kompyuta, elimu yenu ni amana. Anayeandika programu ya darsa amesimama kati ya mwalimu na mwanafunzi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini njia kurudi si sawa na ujumbe kurudi?
2. Namba ya ujumbe inazuia matatizo gani mawili?
3. Ni jambo gani ambalo "nimepokea" ya simu haiwezi kulithibitisha?

Wallahu a'lam.