Shaaban Robert: Mshairi Aliyewatungia Wanawe

Maisha yake kwa ufupi

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha. Alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru.

Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki na kumwachia watoto. Mshairi alimwombolezea katika shairi lenye jina lake. Pia alitunga tenzi mbili za wosia: *Utenzi wa Hati* kwa binti yake na *Utenzi wa Adili* kwa mwanawe wa kiume.

Kwa nini alichagua utenzi?

Ubeti wa utenzi una mishororo minne mifupi, na kila mshororo kwa kawaida una mizani nane. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina kinachorudi katika kila ubeti. Umbo hili hukaririka kwa urahisi. Mtoto huweza kuushika wosia moyoni hata mzazi asipokuwapo.

Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Mnamo 1858, Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Shaaban Robert alifuata njia hiyo ya waswahili wa pwani.

Hadithi yake *Adili na Nduguze* (1952), ambayo imesomwa na vijana wengi, inaendeleza mawaidha yayo hayo. Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao baharini kwa husuda, wanageuzwa manyani, na hatimaye wanasamehewa.

Tahadhari kwa mtahiniwa

Chukulia kwamba umepewa shairi la wosia na kuulizwa:

*Bainisha nafsineni katika shairi hili. (alama 2)*

Jibu hafifu: Nafsineni ni Shaaban Robert kwa sababu alikuwa na binti.

Jibu bora: Nafsineni ni mzazi. Anamwita anayezungumza naye "mwanangu".

Jibu la kwanza limetoka katika wasifu wa mtunzi. La pili limetoka katika shairi lenyewe, nalo ndilo linalopata alama. Nafsineni ni sauti inayozungumza katika shairi, nayo si lazima iwe ya mtunzi. Mtunzi mwanamume anaweza kuipa nafsineni sauti ya bibi kizee, mfungwa au hata mti.

Je, wasifu hauna faida? Unayo. Ukijua kwamba mtunzi alifiwa na mke akabaki na watoto, utaisikia toni ya shairi kwa makini zaidi. Lakini ukishaisikia, rudi kwenye mishororo utafute neno linaloithibitisha.

Jipime hivi: funika jina la mtunzi kwa kidole. Ikiwa hoja yako bado inasimama, iandike. Ikianguka, iache.

Zoezi

1. Tofautisha mtunzi na nafsineni. (alama 2)
2. Eleza sababu mbili zinazoufanya utenzi ufae kutolea wosia. (alama 4)
3. Tunga ubeti mmoja wa utenzi ukimwonya mdogo wako dhidi ya husuda. (alama 4)