Mtunzaji wa Shamba

Swali: Shamba ni la nani?
Jibu: Ni la Mungu. Mkulima ni mtunzaji wake.

Huko Sinai Mungu aliwakataza Waisraeli kuuza ardhi kwa daima. Mwaka wa 7 mashamba yalipaswa kupumzika. Mwaka wa 50 yalipaswa kurudi kwa jamaa za kwanza (Walawi, sura ya 25).

Katika Bushi, huko Kivu, wazee nao hawakuuziana ardhi. Aliyemtolea mwami au mkuu wake ng'ombe alipata kalinzi, yaani shamba la kulima na kuwarithisha wana. Asiye na ng'ombe aliazimwa bwasa, shamba la majira machache, naye alikatazwa kupanda migomba na kahawa, maana apandaye mti huonekana kama mwenye shamba. Basi huyo achimbe mtaro wa kuzuia udongo kwa ajili ya nani? Alete samadi, avune mwingine? Hulima upesi, huvuna, huondoka, na mvua huteremsha udongo mtoni. Asilaumiwe yeye peke yake. Aliyemwazima kwa masharti hayo ana sehemu kubwa ya kosa.

Wengine hudhani dawa ni kununua. Lakini tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali, na hati hutoa haki ya kuutumia tu. Mtunzaji hahitaji kuwa bwana wa udongo. Ahitaji kujua kwamba hatafukuzwa, na kwamba atatoa hesabu ya rutuba aliyoipokea. Mkuu wa ardhi aliye mkatekumeni aweza kumwambia mtu wa bwasa: "Kaa miaka 10. Panda miti ukingoni, chimba mitaro, sitakuondoa."