Kabla ya kununua dawa ya mnyauko, kagua mpira wa matone

Juzi nimepigiwa simu na mama mmoja analima nyanya kwa matone. Mistari mitatu inanyauka mchana, tanki limejaa, chujio safi. Alishatenga hela ya dawa. Nimefika, nikafuata mipira toka bomba kuu: yote mitatu imepinda kona kali na kuvunjika shingo. Maji yanapita kwa shida.

Tunapofunga mwisho wa mstari huwa tunaukunja mpira makusudi na kuuvalisha pete, maji yanakatika. Sasa mkunjo huohuo ukitokea mwanzoni, umefunga mstari mzima.

Kinacholeta mkunjo ni joto. Mpira huu ni polithini, ukipata joto unalainika na kurefuka. Kadirio la polithini laini ni milimita 0.2 kwa kila mita, kwa kila nyuzi 1. Mstari wa mita 50 ukitoka nyuzi 20 alfajiri hadi 40 mchana umeongezeka kama sentimita 20! Na mpira mweusi juani hupata joto kuliko hewa. Urefu huo lazima uende mahali, kwa hiyo unajipinda kama nyoka, na penye kona unavunjika. Usiku unasinyaa. Kama uliufunga umekaza, unachomoka kwenye kiungio, asubuhi unakuta dimbwi.

Kwa hiyo tandaza ukiwa mlegevu kidogo, usiuvute kama kamba ya kuanikia nguo. Kwenye kona weka elbo. Ncha ikigoma kuingia, ichovye kidogo kwenye maji ya moto. Kiberiti hapana, jamani, nimeona wengi mnafanya. Moto unaidhoofisha plastiki, baadaye inapasuka hapohapo.

Palipokwisha kuvunjika, hata ukipanyoosha patabaki dhaifu. Kata kipande, weka kiungio.

Bomba kuu la polithini lifukie. Presha iliyoandikwa juu yake imepimwa kwa nyuzi 20. Kwenye nyuzi 40 linahimili kama robo tatu tu ya hiyo, na wenye pampu ndio hupasukiwa mchana.

Yule mama tumemwekea elbo tatu. Mistari miwili imeinuka. Wa tatu ulikaa na kiu muda mrefu, maua yameshapukutika.

Kagua yako saa nane mchana, jua likiwa kali. Asubuhi mkunjo unaweza usiuone.