Rangi ya Nywele na Jaribio la Saa 48

Najua wengi mtacheka kuona mwanafunzi wa kidato cha sita akiandika habari za saluni, hali wenzake wameandika habari za mpira na za safari ya Jinja. Lakini somo hili ni la kemia na elimu ya viumbe pamoja, tena linawahusu hata wanafunzi wa zamani. Walipotutembelea mwaka huu tuliona baadhi yao wana nywele na ndevu nyeusi kuliko zetu sisi.

Likizo iliyopita ilikuwa kwanjula ya dada yangu, yaani siku ambayo mchumba na jamaa zake huja kutambulishwa nyumbani kwa desturi ya Waganda. Katika shughuli hiyo shangazi ndiye mwenye kazi kubwa, na macho yote humtazama. Shangazi yetu akaona mvi zimezidi, akataka zipakwe rangi nyeusi. Siku ya Jumatano nikamsindikiza saluni moja mjini Kampala. Shughuli yenyewe ilikuwa Jumamosi. Msusi alikoroga rangi kidogo sana katika kibakuli, akachovya pamba, akampaka doa dogo nyuma ya sikio. Kisha akavua glavu zake, akasema, "Haya Mama, usipaoshe hapo. Urudi Ijumaa."

Shangazi alikasirika. "Mwanangu, nimekuja kupakwa kichwa, nimepakwa sikio!" Nami kwa ujinga wangu nikamtetea. Nilimwambia msusi kwamba nauli si ndogo, afadhali amalize kazi saa ile ile. Akatujibu kwa heshima kuwa hapokei fedha ya kichwa asichokijaribu. Tulinung'unika njia nzima.

Alhamisi usiku sikio likaanza kuwasha. Ijumaa asubuhi palikuwa pekundu, pamevimba, pana malengelenge madogo yenye maji. Doa lile halikupita ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Nikawaza kichwa kizima kingalikuwaje, na kope za macho, nikaona haya.

Basi yafaa tujue sababu yake. Rangi nyingi za nywele za kudumu, hasa nyeusi, zina kitu kiitwacho parafenilinidiamini. Kwenye paketi mara nyingi hutajwa kwa herufi PPD. Chembe zake ni ndogo, hupenya ndani ya unywele. Humo hukutana na haidrojeni peroksaidi, zikaungana kuwa chembe kubwa zenye rangi, zisiweze kutoka tena. Ndiyo maana rangi haioshwi kwa sabuni. Lakini kitu kinachopenya unywele hupenya na ngozi pia.

Msidhani ni sawa na kuungua. Dawa kali ya kunyosha nywele ikikaa mno itamchoma kila mtu, kama upupu unavyomwasha kila mtu. Mzio huchagua. Watu kumi wakipakwa rangi ile ile, tisa huenda wasione neno, na wa kumi akavimba uso. Tena hauji mara ya kwanza. Mwili hukutana na kitu kile, askari wake wa kinga wakakishika sura, wakanyamaza. Kikirudi siku nyingine, hata baada ya miaka, hukusanyika kukipiga vita, na kukusanyika kwao huchukua siku moja au mbili, pengine zaidi. Ndiyo sababu ya zile saa 48. Mtu anayepakwa doa saa tatu na kupakwa kichwa saa nne hakujaribu kitu.

Njia hii ya kuijaribu ngozi si ngeni. Daktari Josef Jadassohn, bingwa wa maradhi ya ngozi, aliieleza mwaka 1895, alipowajaribu wagonjwa walioumizwa na dawa ya zebaki. Hata leo hospitalini hubandikwa vibandiko mgongoni, vikaondolewa baada ya siku mbili, na ngozi ikatazamwa tena siku mbili baadaye.

Ijumaa ile tulikwenda kwa daktari. Swali lake la kwanza lilikuwa kama Shangazi amewahi kupakwa piko. Akakumbuka! Zamani aliishi Mombasa, akapambwa mikono kwa arusi ya rafiki yake, na maua yale yakamtoka malengelenge. Alidhani ni sabuni mbaya. Hina yenyewe, majani ya mhina, hutoa rangi ya chungwa au kahawia. Haitoi weusi wa makaa. Weusi wa piko mara nyingi hutoka katika unga wa rangi ya nywele wenye PPD, nao hukaa juu ya ngozi tupu kwa saa nyingi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 ya PPD katika rangi inapofika kichwani, wala haukubali ipakwe ngozini.

Hapo msusi wetu naye alipungukiwa, ingawa namshukuru. Hakuuliza. Mtu aliyewahi kudhuriwa na piko au na rangi yoyote hapaswi kujaribiwa saluni hata kwa doa. Na aende kwa daktari. Wala kubadili rangi nyeusi kwa kahawia si dawa, kwa kuwa PPD ina ndugu zake, na mwili unaomkataa mmoja mara nyingi huwakataa na wengine. Na aliyejaribiwa mwaka jana bila neno ajaribiwe tena, kama paketi inavyoagiza. Akivimba uso au kukosa pumzi, ni hospitali saa ile ile.

Jumamosi Shangazi aliketi mbele ya wageni na mvi zake zote, katika gomesi ya zambarau. Mzee mmoja wa upande wa mchumba alizisifu, akasema nyumba yenye mvi kama zile haikosi busara. Shangazi akanitazama kwa pembe ya jicho, mkono wake ukienda polepole nyuma ya sikio.