SOMO KWA MAKATIBU: MILANGO YA MTANDAO NA ULINZI WA HESABU ZA CHAMA

Ndugu Katibu, mwanachama anayo haki ya kujua hesabu za chama chake. Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi vya pamba, kuanzia Bariadi hadi Maswa na Meatu, chama chenye kompyuta na televisheni kinaweza kurusha hesabu hizo kwenye skrini bila waya, ili wote waone jumla ya kilo zilizopokewa, makato na malipo.

Yatokea, hata hivyo, picha ikakataa kufika. Sababu mojawapo ni fayawoli, yaani programu ifanyayo kazi ya mlinzi wa ghala ndani ya kompyuta. Mawasiliano ya mtandao hupita katika milango yenye namba, iitwayo poti. Mlinzi huyo huamua upi ufunguliwe na upi ufungwe.

Njia zitumikazo sana ni mbili:

(a) Miracast. Kompyuta na televisheni huungana moja kwa moja, bila intaneti, kwa poti TCP 7236.

(b) Chromecast. Chombo hutafutwa kwa poti UDP 5353, kisha hupokea amri kwa TCP 8008 na 8009. Kompyuta na chombo hicho sharti viwe katika mtandao mmoja. Mtandao wa wageni mara nyingi huvitenganisha.

Wapo wanaozima fayawoli nzima. Huko ni kubomoa ukuta wa ghala kwa sababu mlango mmoja umekwama. Kompyuta hiyo hiyo ina majina, namba za simu na akaunti za wakulima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka zilindwe.

Utaratibu ufaao ni huu:

1. Tumia mtandao wa chama wenye nywila, nao uandikishwe katika kompyuta kuwa wa faragha, si wa umma.
2. Ruhusu programu ya kurushia picha peke yake, katika mtandao huo tu.
3. Kamwe usifungue poti hizi kwenye ruta kwa upande wa intaneti.
4. Fanya jaribio siku moja kabla ya mkutano.
5. Mkutano ukiisha, ondoa ruhusa.

Maswali ya kujadili:
1. Nani katika chama chetu anajua nywila ya mtandao?
2. Je, fayawoli ya kompyuta yetu inafanya kazi leo?