MARAFIKI TUNAOPENDEKEZEWA KWA SIMU: NI NANI ANAYETUFUATA?

Somo la kikundi. Muda: saa moja na nusu. Vifaa: simu mbili za kupangusa, karatasi kubwa na kalamu.



Katika vikundi vingi vya Marungu, kuanzia Maungu hapo barabara kuu hadi vijiji vya ndani, simu imekuwa ofisi ya kikundi. Michango inatumwa kwa M-PESA, mikutano inaitishwa kwa WhatsApp, na vikapu vinatafutiwa soko kwa Facebook. Haya ni maendeleo na hatusemi tuyaache. Lakini mlango unaomwingiza mnunuzi unaweza kumwingiza pia mtu mbaya. Tarehe 27 Januari 2024 watu waliandamana Nairobi, Mombasa na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na tangu hapo wengi wanauliza: mtu hupatikanaje? Mwezi huu tujifunze njia moja tu, ile ya "watu unaoweza kuwajua".

KISA CHA KUJADILI

(Kisa hiki tumekitunga kwa ajili ya somo. Katibu asome polepole, mara mbili.)

Mama mmoja alipigwa na mumewe kwa miaka mingi. Siku moja akachukua watoto, akaja kukaa kwa dada yake huku kwetu. Akatupa laini ya zamani, akanunua mpya. Namba mpya akampa wifi yake peke yake, kwa sababu walipendana. Akaingia kikundi cha kusuka vikapu. Baada ya miezi michache akafungua Facebook mpya kwa jina la utoto wake, akidhani hakuna atakayemjua.

Siku ya kugawana faida mweka hazina alipiga picha ya wote, akaiweka Facebook pamoja na majina ya wanakikundi na jina la kijiji. Wiki hiyo hiyo mume, akiwa mbali, alifungua simu yake. Ikamwonyesha sura na kumwuliza kama angependa kuwa rafiki wa mtu huyu. Siku ya tatu alikuwa stendi ya Maungu akiulizia nyumba ya dada.

Maswali: Ni nani aliyemwambia mume? Je, kuna mtu yeyote aliyekusudia kumdhuru mama huyu?

SIMU INAJUAJE?

Wengi hujibu, "Ni wifi" au "Ni mweka hazina." Lakini hao hawakumwambia mume neno lolote. Tuangalie kazi inavyofanyika.

Facebook ilianza kupendekezea watu marafiki mwaka 2008. Kampuni yenyewe imeeleza baadhi ya mambo inayoyatazama: marafiki mlio nao pamoja, kundi mnaloshiriki, picha mliyotajwa pamoja, shule au kazi mliyoandika, na majina na namba zilizohifadhiwa kwa simu. Hilo la mwisho ndilo watu hawalijui. Unapofungua programu inakuomba ruhusa ya kuona namba ulizohifadhi. Ukibonyeza "ruhusu", daftari lako lote la namba linakwenda kwa kampuni. Kwa hiyo hata kama wewe hukutoa namba yako, mwenzako aliyekuhifadhi anaweza kuwa ameitoa. Katika kisa chetu simu ya wifi ilikuwa na namba mpya ya mama, na wifi na mume ni marafiki kwa Facebook. Picha ikaongeza uso, majina na kijiji. Kampuni haielezi hesabu yake yote, lakini vipande hivyo vinatosha kumfikisha mtu mlangoni.

Msifikiri ni mambo ya kutungwa tu. Mwaka 2016 mwandishi wa habari wa Marekani, Kashmir Hill, aliandika habari za daktari mmoja wa magonjwa ya akili. Wagonjwa wake, ambao hawakujuana, walianza kuonyeshwa wenzao kwa Facebook kama watu wanaoweza kuwajua. Daktari hakumtaja mgonjwa hata mmoja, lakini siri ya chumba cha matibabu ilianza kutoka nje.

Sisi tunaoishi karibu na Tsavo tunajua kwamba ndovu haulizi njia ya shamba. Anafuata harufu ya maji na mahindi. Mtu anayemfuatilia mwenzake mtandaoni naye hufanya vivyo hivyo: leo picha, kesho jina la shule ya mtoto, keshokutwa siku ya mkutano wa kikundi.

DALILI ZA KUFUATILIWA

Mtu kuona picha yako mara moja si kosa. Kufuatiliwa ni pale mtu anaporudia rudia baada ya kukatazwa, mpaka unaingiwa na hofu. Angalieni dalili hizi:

1. Maombi ya urafiki kutoka majina mapya mapya, lakini maneno ni ya mtu yule yule.
2. Mtu anataja mahali ulipokuwa jana na wewe hukumwambia.
3. Rafiki zako wanaulizwa habari zako na mtu wasiyemjua.
4. Mtu anatishia kutoa picha zako za faragha.
5. Kwa WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, unakuta kompyuta au simu usiyoijua. Hapo kuna mtu anayesoma barua zako.

KILA MTU AFANYE NINI?

Mwenye simu ya kupangusa akae na asiyeelewa vizuri, wafungue mipangilio pamoja. Wenye kabambe nao wasikilize, kwa maana namba zao zimo ndani ya simu za wengine.

1. Facebook: zima ile ruhusa ya kupakia namba za simu. Chagua kwamba maombi ya urafiki yatoke kwa marafiki wa marafiki tu, si kila mtu. Funga orodha ya marafiki zako ionwe na wewe peke yako. Zuia watu kukutafuta kwa namba ya simu.
2. WhatsApp: chagua wanaoweza kuona picha yako na wanaoweza kukuingiza katika makundi. Ondoa kifaa usichokijua. Zile tarakimu 6 za kufungulia akaunti usimpe mtu yeyote, hata akisema ni afisa.
3. Kamera: zima ruhusa ya kuonyesha mahali, ili picha isibebe alama ya nyumbani kwako.
4. Kabla ya kukubali urafiki, jiulize: Huyu nimemjulia wapi? "Tuna marafiki kumi pamoja" si jibu. Huenda hao kumi nao walikubali bila kuuliza.
5. Habari ya safari weka ukisharudi, si ukiwa njiani.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Hapa ndipo penye mvutano, na tusiukwepe. Kikundi kinahitaji picha. Mfadhili anataka kuona, mnunuzi naye anataka kumjua aliyesuka. Na katika kila kikundi anaweza kuwepo mtu mwenye sababu ya kujificha ambayo hakuitaja, wala halazimiki kuitaja mbele ya wote.

Tunapendekeza hivi. Kwanza, kabla ya kupiga picha iulizwe, "Nani hapendi kuonekana?" Anayetoka pembeni asiulizwe kwa nini. Pili, kwenye mtandao muweke picha ya vikapu, ya mikono ikisuka, au ya watu kwa nyuma. Majina kamili yabaki kwenye kitabu cha kikundi. Tatu, orodha ya michango yenye namba za simu isiwekwe hadharani. Nne, picha za watoto zisiwekwe bila ruhusa ya wazazi.

Jambo hili lina sheria pia. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza Roma School ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Baa ya Casa Vera ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini yake. Hakuna kikundi chetu chenye pesa kama hizo.

IKIWA TAYARI MTU ANAFUATILIWA

Msiseme, "Ulitaka mwenyewe, kwa nini uliingia Facebook?" Maneno hayo humfanya mtu anyamaze, na kunyamaza ndiko anakokutafuta mfuatiliaji. Msaidieni hivi:

1. Hifadhi ushahidi kwanza. Piga picha ya kioo cha simu, andika tarehe na saa. Ukifuta au kumzuia mtu kabla ya hapo, unaweza kupoteza ushahidi.
2. Mwambie mara moja kwa maandishi aache. Kama unahofia maisha yako, usimjibu kabisa.
3. Baada ya hapo mzuie. Ikiwa yeye huweza kuishika simu yako, tumia simu ya mwenzako kuomba msaada.
4. Usilipe anayetishia kutoa picha. Akilipwa leo atarudi kesho.
5. Ripoti polisi, kwenye dawati la jinsia kama lipo, na uhakikishe umepewa namba ya OB. Mtu mmoja wa kikundi akusindikize. Simu ya bure ya 1195 husaidia waliotendewa ukatili, na 116 ni ya watoto.

Sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 2015 inahesabu kumfuatilia mtu kuwa ukatili, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi dhidi ya mume au aliyekuwa mume. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inakataza kusambaza picha za faragha za mtu: faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka 2, au yote mawili. Kifungu chake cha 27, kinachohusu kusumbua watu mtandaoni, kilirekebishwa mwaka 2025 na marekebisho hayo yakapingwa mahakamani. Kwa hiyo kabla ya kukitegemea, muulizeni mwanasheria au FIDA.

MASWALI YA KUJADILI (makundi ya watu watano)

1. Katika kisa chetu, ni mahali gani njia ingeweza kukatwa? Chora njia hiyo kwenye karatasi kubwa.
2. Ni picha gani za kikundi chetu ziko mtandaoni leo? Nani aliulizwa?
3. Mgeni akifika stendi akiulizia mwanakikundi, tumjibu nini?
4. Vijana wetu wanajua simu kuliko sisi. Tutawapa kazi gani katika jambo hili?

Mwisho wa mkutano, katibu aandike kanuni moja ya picha na moja ya namba za simu, zisomwe na kukubaliwa na wote. Kisha mpewe wiki moja kuondoa picha zisizofaa. Tahadhari kabla ya hatari.